Antaktika, Aktiki ya Kanada au Svalbard: kijana wa mazingira wa Dodoma aombe nafasi ipi?

Tangazo la safari ya ncha za dunia likiingia kwenye magrupu ya klabu za mazingira za Dodoma, Kondoa au Singida, vijana wengi wenye sifa hujaza fomu ya kwanza wanayoiona. Hapo ndipo nafasi nyingi zinapopotelea. Safari hizi si za aina moja. Kuna inayomtafuta mwanafunzi wa sekondari, kuna inayomtaka mtu mwenye mradi na uwezo wa kuchangisha mamilioni, na kuna inayoangalia matokeo ya chuo tu. Tumeziweka tatu pamoja ili ujue yako ni ipi kabla hujatumia hata bando la kupakia video.

Safari zenyewe

Ya kwanza ni safari ya uongozi kwenda Antaktika. Inayojulikana zaidi kwa watu wa mazingira ni ya 2041 Foundation, taasisi ya Robert Swan, Mwingereza aliyefika Ncha ya Kusini kwa miguu mwaka 1986 na Ncha ya Kaskazini mwaka 1989. Meli huondokea Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, huvuka Mlangobahari wa Drake kwa takriban siku mbili, kisha abiria hushuka kwenye Rasi ya Antaktika kwa boti za mpira zinazobeba watu kama kumi. Katikati ya hayo kuna madarasa ya tabianchi, nishati na uongozi. Umri si kikwazo kikubwa: mwanafunzi wa chuo anaweza kukaa meza moja na meneja wa kampuni. Wanawake wenye taaluma ya sayansi wana mlango wao pia, Homeward Bound, mpango ulioanzia Australia na kupeleka kundi lake la kwanza Antaktika Desemba 2016.

Ya pili ni safari ya wanafunzi kwenda Aktiki. Mfano mkubwa ni Students on Ice ya Kanada, iliyoanzishwa na Geoff Green. Vijana wa sekondari na vyuo husafiri na wanasayansi, wasanii na wazee wa Inuit, wenyeji wa asili wa huko, katika Aktiki ya Kanada na Greenland.

Ya tatu wengi hawaifikirii kabisa: kozi ya chuo huko Svalbard, visiwa vya Norwei. Chuo cha UNIS kipo Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, tangu mwaka 1993. Kinafundisha biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia ya Aktiki, na huchukua wanafunzi ambao tayari wamesajiliwa chuo kingine. Hapo hutafutwi kwa hadithi yako. Unatafutwa kwa masomo uliyofaulu.

Pesa, maana ndiyo inayoamua

Kwa Antaktika, kuchaguliwa mara nyingi ni kupewa ruhusa ya kwenda kutafuta pesa. Nafasi kwenye meli kwa kawaida huzidi dola 10,000, na hiyo haijagusa tiketi ya ndege, viza, bima wala usiku wa hoteli Ushuaia. Piga hesabu ya mfano: dola 12,000 kwa Sh. 2,500 kila moja ni Sh. milioni 30, bado hujatoka Dodoma.

Kwa Aktiki ya vijana mambo ni tofauti. Waliochaguliwa mara nyingi hulipiwa na wafadhili, ila nafasi nyingi hutengewa vijana wa Kanada na wenyeji wa Aktiki. Mtanzania anagombea zile chache za kimataifa. Hapa uliza jambo moja kwa maandishi: ufadhili unaanzia wapi? “Ufadhili kamili” unaweza kuwa kamili kuanzia Ottawa tu, na tiketi ya kutoka Dar hadi huko ikawa juu yako. Barua pepe ya mistari mitatu inamaliza utata huo.

Svalbard gharama kubwa haiko darasani, iko kwenye kuishi. Chakula, chumba na ndege ni ghali, na visiwa havina mfumo wa kumsaidia asiyejiweza; asiye na uwezo wa kujihudumia anaweza kuondolewa. Kwa hiyo tafuta kwanza chanzo cha fedha, kwa mfano ushirikiano wa chuo chako na chuo cha Norwei, ndipo uombe kozi.

Sasa kuchangisha. Dodoma ina faida ambayo mikoa mingi haina: wizara ziko Mtumba, kuna makao makuu ya taasisi kadhaa, mabenki, na mashirika yanayofanya kazi za ardhi na maji. Barua inaweza kupelekwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Tatizo huja pale kijana anapoendesha mchango kama wa harusi, anafungua grupu, anakusanya ahadi, halafu anahesabu ahadi kama fedha. Ahadi za safari hulipwa kwa kuchelewa kuliko za harusi, kwa sababu hakuna siku ya sherehe inayomsukuma mtu. Waandaaji wa safari nao hulipwa kwa awamu, na malipo ya awali kwa kawaida hayarudishwi. Ukikosa awamu ya mwisho unapoteza nafasi na fedha za watu. Kanuni yetu ni ngumu kidogo lakini inaokoa: usilipe malipo ya awali kabla nusu ya gharama yote haijawa benki, au haijaandikwa kwenye barua ya mfadhili yenye saini na tarehe ya kulipa.

Mfadhili makini atakuuliza pia kwa nini Sh. milioni 30 zisichimbe kisima Bahi au Chamwino. Ana haki ya kuuliza. Jibu lisiwe “nitaleta uelewa”. Mwambie nani atakufundisha nini, utakirudisha kwenye kazi gani, na kazi hiyo iko wapi leo. Kama huna jibu hilo, hiyo safari si yako mwaka huu.

Kalenda

Msimu wa meli za Antaktika ni Novemba hadi Machi. Kwa mwanafunzi wa UDOM au Chuo cha Mipango hapo ni katikati ya masomo, na kwa mwenye mradi wa kilimo ndio msimu pekee wa mvua Dodoma. Ukiondoka Januari, nani anapalilia na nani anahesabu miche yako?

Safari za vijana Aktiki huwa Julai na Agosti. Zinampendeza mwanafunzi wa chuo aliye likizo, lakini aliyemaliza Kidato cha Sita azitazame vizuri: ni miezi ambayo wenzake wameitwa JKT kwa mujibu wa sheria na maombi ya vyuo yanafunguliwa. Ukichaguliwa, andika mapema kuomba utaratibu wa JKT, na umwachie mtu unayemwamini nyaraka zako za kuombea chuo. Anayekaa boti katikati ya barafu hana mtandao wa kuthibitisha chuo alichochaguliwa.

Svalbard ina kozi za muhula mzima na fupi za wiki chache. Fupi ndizo zinazoingia kwenye ratiba ya vyuo vyetu bila kuahirisha mwaka.

Viza na njia

Pasipoti ya kielektroniki ni Sh. 150,000, na itakudai kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Majina yasipofanana kwenye NIDA, cheti na vyeti vya shule, shughulikia hilo kwanza, kwa kuwa herufi moja tu inaweza kukulia wiki kadhaa. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi. Aliye chini ya miaka 18 aandae barua ya ridhaa ya wazazi iliyothibitishwa na wakili.

Kwa Antaktika yenyewe hakuna viza, kwa sababu bara lile halina mwenyewe. Mkataba wa Antaktika ulisainiwa na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959. Unachohitaji ni viza ya Argentina, na mawasiliano yake yaanze na ubalozi wao Nairobi, miezi minne au mitano kabla. Njia ya ndege ya Addis Ababa, São Paulo hadi Buenos Aires ni nzuri kwa Mtanzania kwa kuwa haipiti Marekani, ambako hata kubadilisha ndege tu kunadai viza. Angalia hili pia: ndege ya kimataifa hutua Ezeiza, na ndege nyingi za kwenda Ushuaia huondokea Aeroparque, upande mwingine wa jiji. Anayekata tiketi yenye saa mbili katikati anaikosa ndege, na meli haimsubiri mtu. Fika Ushuaia walau siku mbili kabla.

Kwa Kanada maombi ni ya mtandaoni, kisha alama za vidole. Hoja inayowaangusha vijana ni kutothibitisha kwamba watarudi. Barua ya mwaliko peke yake haitoshi. Ongeza barua ya chuo inayosema masomo yanaanza lini, taarifa ya benki ya mdhamini, na barua ya taasisi inayoeleza majukumu yako baada ya kurudi.

Svalbard ina mtego wake, na unawanasa hata wasafiri wazoefu. Visiwa vyenyewe havidai viza kwa mujibu wa Mkataba wa Svalbard wa 1920. Lakini ndege hupitia Oslo au Tromsø, ambako ni Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Svalbard iko nje ya Schengen. Ukienda umetoka, ukirudi unaingia upya. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Ya kuingia mara moja itakufikisha Longyearbyen na kukuacha huko bila njia halali ya kurudi. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Hiyo ni bima ya viza tu. Bima ya kuokolewa kwa ndege au meli kutoka kwenye barafu ni nyingine, na waandaaji wote wa maana huidai.

Unakwenda kujifunza nini?

Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na kuna watu wanaoishi humo kama milioni nne. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari, halina wenyeji. Tofauti hiyo iamue mengi. Kijana anayefanya kazi na wafugaji wa Kondoa au wakulima wa uwele Kongwa atapata zaidi Aktiki ya Kanada, kwa sababu atakaa na watu ambao maarifa ya wazee wao kuhusu misimu yameanza kutolingana na hali ya hewa ya sasa. Mazungumzo hayo huwezi kuyapata Rasi ya Antaktika, wala Svalbard, ambayo haikuwa na wenyeji wa asili.

Anayetaka kuelewa usawa wa bahari, aende kusini. Barafu ya Antaktika ikiyeyuka yote ingeinua bahari kwa karibu mita 58, na ya Greenland kwa mita 7 na kitu. Barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki haiinui bahari inapoyeyuka, maana tayari imo majini. Kwa upande mwingine, joto linapanda kwa kasi zaidi Aktiki, karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Anayetaka kupima kwa mikono yake, kutoboa barafu na kuandika ripoti yenye alama za chuo, Svalbard haina mshindani.

Muda wa kuwa nchi kavu nao utofautishe meli na meli. Antaktika hawaruhusiwi watu zaidi ya 100 kushuka mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli ya abiria 200 ina maana mnapokezana, na nusu ya muda wako unatazama ufuo kutoka sitahani. Svalbard, tangu Januari 2025, meli za abiria zaidi ya 200 haziingii maeneo ya hifadhi, na dubu mweupe huangaliwa kwa umbali wa mita 300, au mita 500 kuanzia Machi hadi Juni. Uliza idadi ya abiria kabla ya kuuliza menyu.

Swali hilohilo linafichua utapeli. Safari ya kweli ina jina la meli, tarehe, na mwendeshaji ambaye jina lake utalikuta kwenye orodha ya wanachama wa vyama vya waendeshaji wa safari hizi, IAATO kwa Antaktika au AECO kwa Aktiki. Anayekutoza “ada ya usaili” kupitia namba ya simu bila kutaja meli, mwache.

Maombi: kinachopimwa ni kazi ya nyumbani

Hapa safari ya Antaktika na ya Aktiki zinafanana, na hapa ndipo kijana wa Dodoma ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Kosa linalojirudia ni kuandika kuhusu pengwini na dubu. Majaji wameona pengwini wa kutosha. Hawajaona kisiki cha mgunga kikichipua Mpwapwa.

Kosa la pili ni kuhesabu miche iliyopandwa. “Tulipanda miti 5,000” haimwambii mtu kitu, kwa kuwa kiangazi cha Dodoma, Mei hadi Novemba, huua miche mingi isiyomwagiliwa na ng'ombe na mbuzi humaliza iliyobaki. Andika iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Kama unafanya Kisiki Hai, njia ya kurudisha miti kwa kutunza machipukizi ya visiki, eleza hatua: umechagua visiki vyenye machipukizi, ukaacha machipukizi matatu hadi matano yenye nguvu, ukakata mengine, ukapogoa matawi ya chini, ukafunga kitambaa cha rangi kama alama, mkakubaliana na wenye mifugo, na unarudi kupogoa kila baada ya miezi michache. Chora jedwali la visiki 50 tu: namba, aina, urefu leo, urefu miezi sita iliyopita, hai au kimekufa. Jedwali hilo litakubeba kuliko video yenye muziki. Weka na vilivyokufa, pamoja na sababu. Jedwali lisilo na kifo hata kimoja halimshawishi mtu aliyewahi kupanda mti.

Wa Kondoa ana historia kamili mlangoni: HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Wazee waliohamisha ng'ombe wapo. Waulize nini kilirudi, nani alipoteza, rekodi kwa ruhusa yao.

Kosa la tatu linaumiza zaidi kwa sababu linatokana na bidii: kuunganisha barafu na ukame wa Dodoma kwa sentensi moja. “Barafu ikiyeyuka, Dodoma itakuwa jangwa” itakuangusha mbele ya mwanasayansi yeyote. Mvua zetu zinategemea sana joto la Bahari ya Hindi na hali kama El Niño. Tumia ushahidi wa hapa. Visima vya Makutupora, vinavyolisha jiji, vina kumbukumbu za kina cha maji za zaidi ya nusu karne, na uchambuzi wa miaka 55 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, ikiwemo ya El Niño ya 1997/98. Kijana akisema “nataka kujua bahari inayopata joto itabadilisha vipi misimu inayojaza Makutupora”, ameuliza swali linalostahili kiti kwenye meli.

Na kwa wanaoomba Antaktika: msiandike kwamba mkataba wa kulinda bara lile unakwisha 2041. Itifaki ya Madrid ilisainiwa 1991, ikaanza kutumika 1998, inakataza uchimbaji wa madini, na haina tarehe ya kuisha. Kuanzia 2048 nchi husika inaweza kuomba mkutano wa kuipitia, basi.

Kwa Svalbard acha yote hayo. Tuma matokeo yako, maelezo ya masomo uliyosoma na idadi ya saa zake, na barua ya mhadhiri anayekujua. Wanafunzi wanaokwama ni wale ambao chuo chao hakijawaandikia kwamba kozi hiyo itahesabiwa kwenye shahada.

Baridi, mavazi, mbegu

Baridi huogopwa kuliko inavyostahili. Rasi ya Antaktika wakati wa kiangazi chake huzunguka nyuzi sifuri, na Longyearbyen mwezi Julai ni nyuzi sita au saba. Kinachotesa ni upepo na kulowa. Vaa tabaka tatu: ya ndani ya sufu au sintetiki, ya kati ya flisi, ya nje isiyopitisha maji. Jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki na hukupoza. Flisi nzuri zipo kwenye mitumba ya Dodoma kwa bei ndogo. Koti na mabuti mara nyingi hutolewa au hukodishwa na waandaaji, uliza kabla ya kununua.

Safisha viatu na mifuko yako hapahapa, kwa sindano na brashi. Mbigili zetu huganda kwenye soli na mbegu za nyasi hujificha kwenye vishikizo vya kunatana. Meli za Antaktika hukagua kila kitu, kwa kuwa nyasi ngeni zimeshaota baadhi ya maeneo kule. Tangu mafua ya ndege yafike Antaktika, msimu wa 2023/24, hutakiwi pia kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini karibu na wanyama. Pengwini anaachwa mita tano.

Uamuzi wetu

Uko sekondari au mwaka wa kwanza chuoni na unafanya kazi na jamii: omba Aktiki ya vijana, hata kama nafasi za kimataifa ni chache, maana ukipata hutadaiwa mamilioni. Unasoma jiolojia, biolojia, fizikia au sayansi ya mazingira UDOM: Svalbard, na leo hii jiunge na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa ncha za dunia, uanachama ni bure. Umeajiriwa au unaongoza taasisi yenye mradi wa miaka kadhaa, na kuna mfadhili mmoja mkubwa aliyeandika ahadi yake: Antaktika. Bila mfadhili huyo tunakushauri usiombe mwaka huu, hata kama fomu ni rahisi kujaza.

Anayesubiri mwaka mwingine ana barafu karibu. Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu kati ya 1912 na 2007, na sababu zake, hewa kavu, jua kali, theluji haba na joto, bado zinajadiliwa na wataalamu. Andika kurasa tano kuhusu mjadala huo, ongeza jedwali lako la visiki, mpe mwalimu wa Kiingereza alisahihishe, na uwe na pasipoti mkononi kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa.